Kalafati na Gasketi: Maneno Mawili ya Kuzuia Kuvuja

Wapenzi wa lugha wanapokishutumu Kiswahili cha gereji, neno gasketi huwa miongoni mwa yale wanayoyanyoshea kidole. Neno hili, husema, limetoka katika Kiingereza likiwa zima, likatiwa irabu mwishoni, likaachwa litembee. Halina mzizi wa Kibantu wala wa Kiarabu, halina kitenzi, halina methali. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, anayefuata historia ya kitu chenyewe, yaani ile pedi nyembamba ikaayo kati ya vyuma viwili ili mafuta yasipenye, atakuta kwamba gasketi na neno letu la kale kalafati ni ndugu kwa kazi, na karibu ni ndugu kwa nyuzi. Yote mawili yalilelewa chomboni, baharini. Moja lilifika pwani yetu pamoja na tanga, jingine likaletwa na mashine. Insha hii inazifuata njia hizo mbili hadi zinapokutana katika uvungu wa gari kuukuu.

Tone lisilosikika

Chini kabisa ya injini pana bakuli la bati ambalo mafundi wetu huliita sampu. Oili yote ya injini hupumzika humo. Pampu huinyonya na kuipandisha hadi kwenye beringi za krenkshafti, kisha yenyewe hutiririka kurudi bakulini, na mzunguko huanza upya. Hapa lugha ya gereji imefanya mgawanyo ambao lugha ya vitabu haikuufanya: mafuta ni yale yachomwayo, petroli au dizeli, na oili ni ile ilainishayo. Dereva husema anakwenda kuweka mafuta, lakini anapobadilisha kilainisho husema anamwaga oili.

Sampu hufungwa kwenye tumbo la injini kwa bolti ndogondogo zilizopangwa ukingoni, na kati ya kingo hizo mbili ndipo gasketi hukaa. Katika magari mengi ya katikati ya karne ya 20, gasketi hiyo ilikuwa ya koki, gome jepesi la mwaloni wa Ureno na Hispania, lile lile litengenezwalo vizibo vya chupa. Baadaye ulikuja mpira, kisha silikoni inayominywa kutoka kwenye tyubu. Koki hudumu miaka mingi, lakini si milele. Joto huikausha, hunywea, hupasuka. Siku moja doa jeusi huonekana ardhini pale gari lilipolala.

Wahenga walituachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, ukuta huo ni ghali mno. Tone halisikiki wala halizuii gari kwenda, na kwa hiyo mwenye gari huahirisha. Oili ikipungua kupita kiasi, beringi hukosa ule utando mwembamba unaozitenganisha na chuma kinachozunguka, chuma hula chuma, na injini hunoki. Pedi ya bei ndogo imeua mashine nzima. Wajenzi wa majahazi waliijua hesabu hii zamani, kabla ya injini kubuniwa.

Pamba katika maungio ya mbao

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kuzuia kuvuja. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta na kueleza kwamba jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Ushonaji huo uliendelea kwa karne nyingi. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa kushikilia mbao zake, na uliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo cha namna hiyo kina matundu mengi kuliko misumari ya jahazi, na kila tundu lilipaswa kuzibwa.

Kazi ya kuziba maungio ya mbao ndiyo iitwayo kalafati. Fundi husokota pamba, huilowesha mafuta, kisha huishindilia katika nafasi iliyo baina ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo ya mti. Juu ya hapo kuna dawa nyingine zenye majina yake: sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbaoni, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu izamayo majini. Chini kabisa ya chombo ipo ngama, mahali ambapo maji yaliyopenya hujikusanya yakingoja kutekwa na kumwagwa. Nani atakosa kuona ujamaa wa ngama na sampu? Zote ni bakuli la chini. Tofauti yake ni kwamba nahodha huhofia kiingiacho, ilhali dereva huhofia kitokacho.

Neno kalafati lenyewe ni msafiri. Kiarabu kina qalfata, Kireno kina calafate, Kifaransa kina calfater, na Kigiriki cha Bizanti kilikuwa nalo pia. Mfalme Michael V, aliyetawala Konstantinopoli kwa miezi michache kati ya 1041 na 1042, anajulikana katika historia kwa lakabu ya Kalaphates, kwa kuwa baba yake alikuwa ameifanya kazi hiyo bandarini. Wataalamu wa asili za maneno wanabishana hadi leo iwapo Waarabu waliwapa Wagiriki au Wagiriki waliwapa Waarabu. Kwetu sisi lililo muhimu ni hili: hata neno tunaloliona kuwa la kwetu kabisa, lenye harufu ya Lamu na Unguja, liliwahi kuwa geni lililoshuka kutoka chomboni likiwa limeshika zana mkononi.

Kamba ya tanga iliyoingia katika injini

Sasa tuigeukie gasketi. Katika Kiingereza cha mabaharia wa karne ya 17, neno gasket halikuhusiana na mashine. Lilikuwa jina la kamba fupi ya kufungia tanga lililokunjwa ili lisifunguke kwa upepo. Kwa lugha ya majahazi yetu, tungesema ni kamba ya kulifunga tanga kwenye foromali. Huenda Kiingereza kiliitoa katika neno la Kifaransa garcette, lenye maana ya kamba nyembamba.

Ilipataje kuingia katika injini? Jibu liko katika nyuzi. Thomas Newcomen alipoisimamisha injini yake ya mvuke karibu na kasri la Dudley, Uingereza, mwaka 1712, pistoni haikulingana sawasawa na silinda, maana hapakuwa na mashine ya kukereza silinda kubwa kwa usahihi. Akaziba upenyo kwa ngozi, na juu yake akaweka maji. James Watt, aliyepata hataza yake mwaka 1769, hakuweza kutumia maji hayo kwa kuwa yangeipoza silinda aliyotaka ibaki na joto. Hata baada ya John Wilkinson kubuni mashine ya kukereza silinda, upenyo mdogo ulibaki, nao ukazibwa kwa nyuzi za katani zilizosokotwa na kuloweshwa shahamu. Msuko huo wa katani wa kuzungushia pistoni ndio uliopewa jina la ile kamba ya matanga.

Tuzitazame basi nyenzo zenyewe. Katika gudi za Ulaya, kamba kuukuu zilifumuliwa na nyuzi zake zikashindiliwa katika maungio ya mbao za meli: hiyo ni kalafati yao. Nyuzi za namna hiyo hiyo, pamoja na shahamu, ziliingia katika injini ya mvuke: hiyo ni gasketi. Jahazi letu likatumia pamba na sifa. Mikono ni tofauti na mafuta ni tofauti, lakini fikra ni moja, yaani kuweka kitu laini baina ya vitu vigumu viwili visivyoweza kukubaliana.

Sampu nayo ina safari yake. Katika lugha za kaskazini mwa Ulaya ilikuwa na maana ya kinamasi. Wachimba migodi wa Uingereza wakaiita hivyo shimo la chini kabisa ambamo maji ya mgodi hujikusanya, na waunda injini wakalichukua neno hilo kutoka kwao. Hivyo fundi wa Gerezani asemapo gasketi ya sampu, kwa maneno mawili tu ametaja kamba ya tanga na kinamasi cha mgodini.

Mvuke, reli na motokaa

Mashine za mvuke zilifika kwetu kabla ya motokaa. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimiliki meli za mvuke. Mojawapo, Glasgow, ilizamishwa bandarini na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Maneno gari, lenye asili ya Kihindi, na karakana, lenye asili ya Kiajemi, ni ushahidi kwamba ufundi wa mashine haukupitia mlango wa Kiingereza peke yake.

Mnamo Agosti 1907, ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau akikusudia kuivuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Miezi karibu 21 yatosha kueleza barabara zilikuwaje. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, magari yaliongezeka chini ya utawala wa Waingereza, na Kiswahili kikapata kazi ya kukipa jina kila kipande chake.

Lugha iliifanya kazi hiyo kwa namna mbili. Sehemu ya juu ya gari, anapokaa dereva na abiria, ilipewa maneno ya bahari. Gurudumu la kuongozea likaitwa usukani, jina la kiongozi cha chombo kilichokaa tezi. Malipo ya safari yakabaki nauli, kama katika jahazi. Kulisimamisha gari kando kukawa kuliegesha, kitenzi cha kukisogeza chombo mpaka gatini. Mizigo hupakiwa na kupakuliwa, na hata serikali ya Tanzania huyaita magari vyombo vya moto, kana kwamba jahazi limetoka majini likawashwa moto tumboni. Msafiri wa basi la Tanga hukaa katikati ya msamiati wa Msimu bila kujua.

Sehemu ya chini ilikuwa na hatima nyingine. Humo Kiswahili kilikutana na vitu visivyokuwa na mfano jahazini, kikachukua majina kama yalivyosikika katika karakana: injini, pistoni, silinda, spana, nati, bolti, plagi, klachi, gasketi. Kwa sababu hiyo tunadhani kwamba juu ya gari ni Kiswahili na uvunguni ni Kiingereza. Asili ya gasketi inaisahihisha dhana hiyo. Nalo ni neno la bahari. Limezungukia tu Uingereza, likakaa karne moja na nusu katika mvuke, kisha likarudi kwenye chombo.

Uvunguni

Ukimtazama fundi anapobadilisha gasketi ya sampu ya gari la zamani, utaiona historia hii yote ikitumika kwa pamoja. Kwanza hulinyanyua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Humwaga oili katika beseni. Hufungua bolti moja baada ya moja, na katika baadhi ya magari hulazimika kuiinua injini kidogo, kwa kuwa mhimili wa mbele huizuia sampu isishuke. Gasketi kuukuu huwa imegandamana na chuma. Huikwangua kwa subira, asije akauchimba ukingo, kisha huupitishia msasa. Neno hili msasa ni la kwetu: ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza ambayo maseremala waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Akikuta mahali penye parafujo, anatumia neno la Kireno, lugha ya nchi iliyotoa koki aliyoishika.

Kisha huutazama ukingo wa sampu. Bolti zilizokazwa kupita kiasi kwa miaka mingi huwa zimeuvuta ukingo ukatokeza kuzunguka kila tundu. Asiponyoosha hapo, hata gasketi mpya itavuja. Barabara zetu nazo huongeza makovu yake. Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 na baadaye kujulikana kama Safari Rally yalizipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na moja ya masomo yake lilikuwa kwamba tumbo la gari linahitaji ngao. Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, ilipata sifa huku kwa kuyastahimili mawe. Fundi huulaza ukingo juu ya kipande cha chuma kilicho bapa na kuugongagonga taratibu mpaka unyooke.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye siri. Bolti zote huanzishwa kwa vidole, kisha hukazwa kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni, upande huu na upande ule. Anayekaza kwa hasira huiminya koki mpaka inatoka nje na kukatika. Fundi wa kalafati naye anaonywa vivyo hivyo: pamba ikishindiliwa kwa nguvu nyingi, mbao hutengana na chombo huvuja zaidi ya mwanzo. Gasketi ya koki iliyokaa dukani hunywea hata matundu yake yasilingane na bolti, na mafundi wa zamani huilowesha maji ili irudie urefu wake. Jahazi lililokaa nchi kavu muda mrefu nalo huachana mbao, na likishushwa majini huvuja mpaka mbao zinywe na kufura. Tabia ni moja, kwa kuwa vyote viwili vimetoka mtini.

Kulikuwa pia na miaka ambayo gasketi ya dukani haikupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, Tanzania ilikosa fedha za kigeni na vipuri vikaadimika. Mafundi wa chini ya miti walizikata gasketi wenyewe. Njia yao ingali hai: karatasi nene huwekwa juu ya kipande cha injini, kisha kingo zake hugongwa kwa nyundo mpaka chuma chenyewe kiikate karatasi kwa umbo lake. Kitu kilikuwa kimetoka Ulaya na jina lake pia, lakini katika miaka hiyo kilizaliwa upya kila siku mikononi mwa watu wetu. Je, neno la kitu unachokitengeneza mwenyewe bado ni la mgeni?

Tuchague lipi?

Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na baadaye BAKITA lililoanzishwa mwaka 1967, zilikabiliwa na swali hili mara nyingi: tuchukue neno la fundi au tubuni letu? Wapo wanaoweza kupendekeza kwamba gasketi ifutwe na kalafati irithi nafasi yake. Pendekezo hilo lina mvuto, na hoja ya ujamaa wa kazi inaliunga mkono. Mimi siliafiki, kwa sababu mbili. Kwanza, gasketi imekwisha kukaa, na kulifukuza neno linalofanya kazi kila siku ni kukaza bolti kwa hasira. Pili, kalafati ina maana yake kamili, nayo iko hatarini. Boti za faiba hazina maungio ya kutiwa pamba. Kila jahazi linalobadilishwa kwa boti ya namna hiyo huchukua pamoja nalo sababu ya kulitamka neno kalafati, na pamoja nalo ngama, deheni na foromali. Tukilibebesha kazi ya gasketi, kijana atalijua kama kipuri cha gari, na maana yake ya kwanza itapotea kimya kimya kama oili ile.

Njia bora ni kuyatumia yote mawili, kila moja mahali pake. Mtunzi atakuta yanapatana zaidi ya alivyodhani. Yote mawili yana kina cha -ti. Kalafati ina mizani 4. Gasketi nayo ina 4 kwa anayeihesabu s kuwa mizani kamili, na 3 kwa asiyeihesabu, kila mmoja kwa sikio lake. Tathmini ya penzi lenye ufa, ya nyumba inayovuja siri, au ya umoja wa watu wagumu wasiokubaliana, inaweza kusimama juu ya maneno haya mawili bila mshairi kuomba radhi kwa lolote.

Ipo kazi nyingine inayotangulia utunzi, nayo ni kuandika. Msamiati wa mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja, na ule wa mafundi wa magari wa Gerezani na Grogan, umeishi zaidi mdomoni kuliko katika karatasi. Wazee wa kundi la kwanza wanapungua kwa sababu majahazi yanapungua. Wa kundi la pili wanapungua kwa sababu magari mapya hufungwa kwa silikoni isiyokatwa kwa mkono, na yale ya koki yanaishia kwenye chuma chakavu. Mpenzi wa lugha aishiye karibu na mmoja wao na achukue daftari aende kumsikiliza, akiuliza jina la kila kitu alichoshika na kila tendo analolifanya, kabla jahazi na gari havijaondoka.